Upande wa Wakulima Wakubwa

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwangu mjomba wako, kutoka kwa mama yako, na kutoka kwa yule mbuzi wetu, ambaye tangu uondoke ameshika tabia ya kukaa mlangoni kama mdai. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba cherehani yako iliyokuwa ikila uzi imeshapata adabu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako huuma asubuhi, likifika mchana linanyamaza. Mimi ndiyo usiseme. Juzi mganga wa zahanati alinipima damu, akatikisa kichwa, akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na damu kama yangu, ingawa hapo yeye angekosa kazi.

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili. Umeniuliza jambo moja, na umetaka nikujibu bila chumvi wala pilipili: mama yako atapata ile ruzuku ya serikali au hapati? Na kama hapati, basi akabidhi shamba, aje akae nawe hapo mjini kwenye chumba chako. Umesema pia nisipige simu, kwa kuwa mimi nikipiga simu salio huisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Ukweli kidogo upo. Ndiyo maana nimevuta kiti kwenye meza ya jikoni nikashika kalamu. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wetu wa darasa la nne aliutundika ukutani, na mwaka uliofuata, nilipoiacha shule, ukuta ule ulibaki mtupu.

Jibu la swali lako lipo. Lakini jibu lisilo na mwanzo ni mkia usio na ng'ombe, kwa hiyo vumilia kidogo.

Unajua misimu miwili iliyopita ilivyotutenda. Wa kwanza ilinyesha mvua ya mawe. Wengine watakuambia mawe yalikuwa kama punje za maharage. Hao walikuwa wamejificha chini ya vitanda. Mimi nilikuwa nje. Jiwe moja nililiokota nikaegemezea mlango, na hadi jioni bado lilikuwa linafanya kazi. Msimu wa pili wakaja viwavi. Ulikuwa ukisimama kimya katikati ya mahindi unawasikia wakitafuna, kama harusi ya watu wasiofundishwa kula. Tukavuna mabua. Mama yako akabaki hana mbegu ya kupanda wala mbolea ya kukuzia, na mkono mtupu haulambwi, hata duka la pembejeo likawa linafunga mlango likimwona anakuja.

Hapo ndipo alipojitokeza Mwenye Mashine. Humkumbuki vizuri, aliinunua mashine ya kusaga ya njia panda ulipokuwa umeshaondoka. Ni mtu mnene, mpole, anavaa viatu vya ngozi hata kwenye matope, na ana sauti ya mtu anayekuombea heri wakati anakupimia kaburi. Ameshakodi mashamba yote ya kulia kwetu na yote ya kushoto. Letu limebaki katikati kama jino la mwisho. Alikuja kwa mama yako akamwambia kwa heshima zote kwamba yuko tayari kulikodi kwa muda mrefu, yeye mama apumzishe goti. Mama yako akamjibu atafikiri. Wewe na mimi tunajua mama yako akisema atafikiri maana yake ni hapana. Safari hii, mwanangu, alikuwa anafikiri kweli.

Basi katika hali hiyo likapigwa tangazo kwamba serikali italeta ruzuku. Si zile vocha za zamani ambazo zilikuwa zinaliwa na wenye maduka kabla hazijafika kwa mkulima. Hii ni fedha moja kwa moja kwenye simu ya mtu, anunue mbegu na mbolea apendavyo. Tukaitwa mkutanoni kwenye ghala la ushirika. Mama yako goti lilikuwa limemshika, akaniambia niende kwa niaba yetu wote wawili, na akanisisitiza niseme machache. Nikamwambia mimi nikisema machache watu watadhani ninaumwa.

Ghala lilijaa. Lina sakafu ya saruji yenye nyufa na harufu ya magunia ya zamani, na upande mmoja kulikuwa na viti viwili vya plastiki, upande mwingine watu wamekalia magunia matupu. Bibi shamba ndiye aliyeongoza. Ni msichana mdogo kwa umri, amevaa buti za mpira, anaongea taratibu kama anayehesabu mayai. Akaeleza kwamba mpango una makundi mawili. Akaomba wakulima wadogo waende upande wa kushoto, wakae kwenye magunia, na wakulima wakubwa waende upande wa kulia.

Sasa nikuulize wewe, mpwa wangu. Mdogo ni nani? Mdogo ni yule anayetumwa kiberiti. Mdogo ni anayeambiwa atoke nje wakubwa wazungumze. Mimi na mvi hizi, mimi ambaye mwaka ule wa mavuno makubwa boga langu lilikua mbele ya mlango tukawa tunapitia dirishani, niinuke mbele ya watu nijitangaze kuwa mdogo? Watu wazima walikwenda kushoto kwa furaha, wengine wanakimbia, eti mimi mdogo, na mimi, na mimi. Niliwaonea aibu. Nikavuka ghala nikaenda kulia, nikaketi kwenye kiti cha plastiki. Kiti cha pili alikuwa amekikalia Mwenye Mashine. Akaniangalia kidogo, akasogeza mguu wake nipate nafasi.

Kinyozi, ambaye kazi yake ni kuuliza yasiyomhusu, akapaza sauti kutoka kwenye magunia akitaka kujua mjomba anakwenda wapi, au kiti kile kinahitaji kukaguliwa. Watu wakacheka. Nikawaambia wacheke, lakini wajue kwamba panya wa ghala langu wana vitambi, paka akipita wanamsalimia wakiwa wameketi. Wakacheka zaidi, na mimi nikicheka nao, maana mtu akikuchekea maneno yako amekupa kitu. Bibi shamba hakucheka. Aliniuliza shamba langu ni kubwa kiasi gani. Nikasema ekari kumi na kitu. Hicho "kitu" nilikiweka ili isionekane nimekadiria. Akauliza ni langu peke yangu au ninalima na mwingine. Nikasema ni letu, mimi na dada yangu, tulirithi kwa baba, sisi ni chungu kimoja na shamba moja. Akaandika.

Alipomaliza kuandika ndipo akasoma masharti. Wale wa kushoto wataletewa fedha kabla ya kupanda. Wale wa kulia serikali inawashukuru sana kwa kujitosheleza, na inawaomba waendelee kuwa mfano mwema.

Mwenye Mashine akaitikia kwa kichwa, yeye alishajua. Alichotaka ni kuandikwa mkubwa ili auze nafaka kwenye maghala ya serikali. Mimi nilikaa. Ningeweza kuvuka. Kutoka kiti kile hadi kwenye magunia ni mwendo wa kupiga chafya. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, wanangoja waone kama nitainuka, na Kinyozi ameshafungua mdomo tayari. Nikakunja mguu juu ya mguu. Mkutano ukafungwa nikiwa hivyo hivyo.

Sikufika nyumbani kabla ya habari. Habari haina goti bovu. Mama yako alipakua chakula, akanitengea kwenye lile beseni kubwa la kufulia, na ndani yake, katikati kabisa, kijiko kimoja. Nikamuuliza hii nini. Akanijibu kwa upole kwamba ameona si heshima mkulima mkubwa ale kwenye sahani za wadogo. Nikala. Ilinibidi niinamie beseni mpaka mabega yakaingia. Ndipo akaniuliza, akiwa amenipa mgongo anasugua sufuria, kama yeye naye nimempandisha kwenye kiti. Nikamwambia bibi shamba aliuliza, nami nilijibu kwamba shamba ni moja. Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Asubuhi yake nikaenda ofisi ya kilimo. Nilivaa koti. Bibi shamba alinipokea vizuri, akanipa maji, akanieleza kwamba majina ya wakulima wakubwa yameshapelekwa makao makuu, na huko yakifika hayarudi hadi msimu upite. Mimi nitabaki mkubwa, nikipenda nisipende. Nikamwambia kwamba ninafahamiana na watu makao makuu. Akauliza nani. Nikanywa maji.

Kisha akasema kuna mlango mmoja. Jina halifutiki, lakini shamba linaweza kusahihishwa. Kama ilikosewa kusemwa shamba ni la nani, litapimwa upya, na wenye shamba watasimama mbele ya mkutano uleule, waseme, na majirani washuhudie. Ikionekana mama yako ana shamba lake, ataandikwa peke yake na atalipwa kama mkulima mdogo. Nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyelipata wazo hilo mwenyewe, na njiani niliwaeleza watu wawili hivyo.

Siku ya kupima alikuja na gurudumu lenye mpini, ambalo ukilisukuma linahesabu mwendo wenyewe kwa mlio mdogo, tik, tik. Niliomba nimwonyeshe mpaka. Nakiri miguu yangu kwa mazoea ilitaka kuupeleka mpaka hadi mtoni, ikabidi mama yako anyanyue fimbo yake kutoka kizingitini na kutuelekeza. Tulizunguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ndefu, nimebeba hata kopo la maji. Sijafungua kopo, gurudumu limesharudi lilipoanzia. Ekari moja na robo, shamba lote, langu na la mama yako. Nikamwambia bibi shamba kwamba ardhi hujikunja wakati wa kiangazi. Akasema amewahi kusikia hivyo kwa wengine.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na mwiba, nawe sikiliza vizuri. Kwa kanuni zao, ardhi isiyofika ekari moja haiitwi shamba. Inaitwa bustani. Na bustani hailipwi kitu. Nikigawa nusu kwa nusu kama baba alivyotuachia, mama yako ana bustani, nami nina bustani. Likibaki letu sote, ni la mkulima mkubwa. Bibi shamba alilisema hilo akiwa ameegemea gurudumu lake, akanitazama, kisha akatazama kwingine. Hakunishauri kitu. Nadhani haruhusiwi.

Jioni ileile Mwenye Mashine akaja kunitembelea. Kunitembelea mimi, si mama yako. Alikaa kwenye kigoda bila kukifuta kwanza, akaniita "mkulima mwenzangu". Mpwa wangu, nimeitwa mengi katika maisha haya, mengi nimejiita mwenyewe, lakini hakuna mtu mwenye viatu vya ngozi aliyewahi kuniita hivyo. Akasema mimi na yeye tuliketi upande mmoja na tusisahau. Ikiwa shamba letu lote ataachiwa akodi, yeye atanifanya msimamizi wa mashamba yake, kuanzia barabarani hadi mtoni. Nitapewa buti, kofia na firimbi. Vibarua watanisikiliza. Kazi yangu itakuwa kutembea na kusema. Akaniacha nifikirie, akaongeza kwamba mama yako ameshakubali kumpa jibu baada ya mkutano wa pili, na kwamba kwa jinsi alivyomwona, atakubali. Alipoondoka nilikaa pale kwenye giza la jioni, nikajiona na ile firimbi. Sikufichi. Ilinipendeza.

Nikaingia ndani nikamkuta mama yako anafunga nguo zake pamoja na zako za zamani kwenye shuka. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema chumba chako ni kidogo, asije na vitu vingi. Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Kisha akaniomba nikipata nafasi nimpelekee jembe lake kwa fundi, mpini umelegea; akakumbuka, akasema basi, liache tu.

Mkutano wa pili ulikuwa ghalani palepale. Mama yako alikuja na fimbo yake akakaa kushoto kwenye magunia, na watu wakampisha. Mimi kiti changu cha plastiki kilikuwa kinaningoja, kimefutwa vumbi. Ilipofika zamu ya masahihisho bibi shamba akatuita. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na mwanzo mzuri, ilikuwa na baba yetu ndani yake, na tembo mmoja. Nilipofungua mdomo ikaniponyoka yote, nikajikuta nimesema maneno mawili: "Sina shamba."

Ghala zima likaangua kicheko. Walicheka kuliko siku ile ya panya. Kinyozi alikuwa anajifuta machozi, akauliza kama leo mjomba chumvi ameisahau nyumbani. Mwingine akasema ngojeni, mwisho wake uko mbele. Wakanyamaza wakingoja mwisho. Hakukuwa na mwisho. Nikarudia kwamba sina shamba, ni la dada yangu, lote, mpaka kwa mpaka, na mimi humsaidia ninapopata nafasi.

Mwenye Mashine akainuka, na kwa sauti yake ileile ya upole akasema anasikitika kumsahihisha mwenzake, lakini kila mtu hapa anajua mimi ni mkulima, tena wa siku nyingi, wamesikia kwa kinywa changu mwenyewe habari za mavuno yangu. Na ni kweli, wamesikia.

Bibi shamba akamgeukia mama yako, akamuuliza shamba ni la nani. Mama yako hakujua kama ningesema vile, sikuwa nimemwambia. Alinitazama. Kisha akasema shamba ni la baba yetu. Nusura aharibu kila kitu, unajua alivyo na ukweli usio na wakati. Nikamwambia baba amelala, dada, wanauliza aliye macho. Akatazama chini, akachora kitu sakafuni kwa ncha ya fimbo, halafu akasema kama ni hivyo, basi ni lake.

Bibi shamba akasema inatosha, sasa majirani. Akawauliza jambo jepesi sana. Anyooshe mkono aliyewahi kumwona mama huyu akilima shamba lile.

Mikono ikainuka. Yote. Ya kwenye magunia, ya waliosimama mlangoni, ya wanawake waliokuwa nje wakichungulia dirishani. Hata Kinyozi alinyoosha, na wala hakutania. Mwenye Mashine naye mkono wake ulianza kupanda wenyewe kabla hajakumbuka kuushusha. Na hakuna aliyeuliza swali la upande wa pili, yaani nani amewahi kuniona mimi. Bibi shamba hakuuliza, na wao hawakumkumbusha. Nilisimama katikati ya mikono ile nikaitazama. Niliwahi kuwasimulia watu wale kwamba mwaka mmoja mahindi yangu yalirefuka hadi ndege wakawa wanapumzika katikati ya safari. Siku hiyo waliamini nusu. Siku hii waliamini yote, bila mimi kuongeza kitu.

Kusema kweli ningependelea wangebisha kidogo.

Tukarudi nyumbani polepole kwa ajili ya goti. Mama yako alinishika mkono kwenye ule mteremko wa kisimani, akasema twende taratibu, mdogo wangu, kama anavyoniita tangu tukiwa watoto. Nikamwacha aniite. Mbele kidogo akacheka peke yake. Akasema uongo wangu umewahi kumtia aibu mara nyingi, lakini wa leo umefanya kazi ya maana, na kwamba nisiwe na wasiwasi, msimu ukipita ataniandikisha nusu yangu tena. Nikasema sawa.

Mwenye Mashine alikuja kuchukua jibu lake kesho yake. Mama yako alimkaribisha, akampa maji, akamwambia ameshafikiri. Alipoona mgeni bado anangoja, akaongeza kwamba jibu ni hapana. Fedha za ruzuku nazo ziliingia kwenye simu ya mama yako kabla ya mvua kuanza. Alinunua mbegu, akanunua mbolea, akanituma kwa fundi na lile jembe. Nguo zote amezifungua kutoka kwenye shuka akazirudisha sandukuni. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: amepata, na haji. Ukipata likizo njoo wewe.

Lakini sijamaliza, na hili linalofuata ndilo lililonifanya nikubali kuandika badala ya kupiga simu, kwa kuwa kuta za nyumba hii unazijua zinavyosikia.

Mama yako anaamini kwamba nilichosema mkutanoni kilikuwa ujanja wa msimu mmoja. Kila akipita kwenye nusu yangu anasema hapa ni pako, napatunza tu. Sikumsahihisha. Wiki ileile ya mkutano, alipokuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya goti, nilikwenda ofisi ya ardhi na mashahidi wawili. Mmoja ni bibi shamba. Wa pili ni Kinyozi, na usishangae, mtu akikucheka miaka yote bila kukuchoka huyo ni rafiki. Nikaweka sahihi. Nusu yangu imekwenda kwake moja kwa moja, si ya msimu. Baada yake ni yako. Karani aliniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha baba yake kusoma. Hiyo haikuwa kweli, lakini aliacha kuuliza.

Usiniulize kwa nini. Nilijaribu kujieleza kwa Kinyozi tukirudi, nikaanza na tembo, akaniambia ninyamaze tu, nikanyamaza. Ninachojua ni kwamba niliiona ile mikono. Mtu akishaiona hawezi kuketi tena akasubiri msimu upite arudishiwe kitu ambacho watu wote wanajua kimelimwa na nani.

Sasa nalima kwa mama yako. Ni tajiri mkali, sijawahi kuona. Ukipumzika anakuuliza kama umeota mizizi. Mistari yangu ikipinda ananiambia ni mizuri kwa nyoka. Mgongo unaniuma sehemu ambazo sikujua ninazo.

Nakuomba mambo mawili. Moja, usimwambie. Atajua siku ya kujua, na akijua atapiga kelele wiki nzima, kisha atanipikia. La pili ni kubwa zaidi, na ndilo hasa nimelivukia kurasa zote hizi. Mimi najijua. Mahindi yakikomaa, na mwaka huu yanakuja vizuri, nitasimama barabarani niwaonyeshe wapita njia, nami nitasema shamba lile ni langu. Nitalitanua. Nitaweka ekari ambazo hazipo. Huenda nikaja kwako mjini nikalisema mbele ya wateja wako, na nikizeeka huenda nikaanza kuliamini mwenyewe. Niache niseme, mwanangu, usinikate mbele ya watu. Ila wewe usiniamini. Nimekuandikia ili awepo mtu mmoja asiyeniamini.

Wasalimie unaoshona nao, na mwenye nyumba wako mwambie sijasahau kwamba alinicheka nilipokuja. Mama yako anakusalimu, ingawa hajui kama ninaandika. Ameniita mara mbili tayari, magugu ya upande wa kisima hayangoji. Kaa salama, ule vizuri, uje kabla ya mavuno.

Ni mimi,
Mjomba wako